Diski Kujaa Si Ajali

Asubuhi ya Agosti 29, 2023, viwanda 12 vya Toyota nchini Japani vilishindwa kuanza kazi. Ilipofika zamu ya mchana, viwili vilivyobaki navyo vikasimama. Njia zote 28 za kuundia magari katika viwanda 14 zikawa kimya. Mitambo ilikuwa mizima. Kilichokosekana ni mfumo wa kompyuta unaotuma oda za vipuri, na kwa kampuni ambayo haipendi kurundika vipuri ghalani, ambayo huviagiza kadiri vinavyohitajika, oda zisipotoka hakuna gari linaloundwa.

Watu wengi walidhani ni wadukuzi, na walikuwa na sababu. Machi 1, 2022, viwanda hivyo hivyo vilisimama siku nzima baada ya mmoja wa wauzaji wa vipuri wa Toyota, kampuni ya Kojima, kushambuliwa kupitia mtandao. Safari hii Toyota ilisema mapema kwamba haioni dalili ya shambulio. Septemba 6 ikatoa maelezo kamili, nayo yalikuwa mafupi kuliko wengi walivyotarajia: diski za seva zilikosa nafasi.

Siku mbili kabla ya viwanda kusimama, yaani Agosti 27, kulikuwa na matengenezo ya kawaida. Data iliyokuwa imerundikana kwenye hifadhidata ilikuwa ikifutwa na kupangwa upya. Katikati ya kazi hiyo nafasi ikaisha, mfumo ukasimama. Seva za akiba zilikuwepo, lakini ziliendeshwa katika mfumo ule ule, zikapatwa na hitilafu ile ile. Hapakuwa na pa kuhamia. Data ilipohamishiwa kwenye seva yenye nafasi kubwa zaidi, Agosti 29, mfumo ulirudi, na kesho yake viwanda vikaanza kazi.

Kisa hiki kingepaswa kuwa mezani kwa kila mkurugenzi wa taasisi inayotoa huduma kwa njia ya mtandao, awe Dodoma, Nairobi au Kampala. Kama kampuni inayouza magari mengi kuliko nyingine yoyote duniani inaweza kusimamishwa na diski iliyojaa, hospitali ya wilaya, chuo au mamlaka ya maji haina kinga. Na kuna jambo zito zaidi. Diski hujaa kwa mwendo unaopimika, siku baada ya siku, mbele ya macho ya yeyote anayejali kutazama. Huduma ikikatika kwa sababu hiyo, tatizo ni la uongozi kabla halijawa la mitambo.

Wakazi wa Afrika Mashariki wamezoea kukatikiwa. Julai 2023 huduma za eCitizen nchini Kenya zilitatizwa na shambulio la mtandaoni. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikasuasua kutoka Dar es Salaam hadi Kampala. Matukio hayo yalitoka nje. Hakuna msimamizi wa tovuti aliyeweza kuuzuia waya usikatike chini ya bahari. Diski iko ndani. Ukubwa wake unajulikana tangu siku iliponunuliwa, na kiasi kilichobaki kinaonekana kwa amri moja ya herufi mbili.

Kinachoijaza mara nyingi si picha wala video. Seva ya tovuti ni mwandishi asiyechoka. Kama mlinzi wa getini anavyoandika jina, saa na namba ya gari katika daftari la wageni, ndivyo seva inavyoandika kila ombi linalofika: limetoka wapi, saa ngapi, limeomba ukurasa gani, limejibiwa nini. Mafundi huziita kumbukumbu hizo logi. Ni za lazima. Bila hizo hakuna anayeweza kujua kosa lilitokea wapi au mwizi aliingilia mlango gani. Tatizo ni kwamba katika taasisi nyingi hakuna aliyepewa kazi ya kuondoa zile za zamani.

Hesabu yake ni rahisi. Tovuti inayopokea maombi 50 kwa sekunde hupokea maombi 4,320,000 kwa siku. Mstari mmoja wa logi ukiwa na herufi 200, logi hiyo peke yake hukua kwa megabaiti 864 kila siku, karibu gigabaiti nzima. Diski ikiwa imebakiwa na gigabaiti 30, ina mwezi mmoja na siku chache. Sasa ifike siku matokeo ya mitihani yanapotangazwa, au siku ya mwisho ya kulipa kodi, na maombi yapande hadi 1,000 kwa sekunde. Logi itakua kwa gigabaiti 17 kwa siku. Mwezi unakuwa chini ya siku mbili.

Hapo ndipo ubaya wa tatizo hili ulipo. Seva haijai siku ya utulivu, wakati fundi amekaa ofisini na chai yake. Hujaa siku ambayo watu wengi zaidi wanaihitaji, kwa sababu wingi wao ndio unaoijaza.

Mwananchi aliye upande wa pili haoni neno diski popote. Anafungua ukurasa, unafunguka vizuri kabisa. Anaandika jina na neno la siri, anabonyeza, anarudishwa pale pale pa kuandika jina na neno la siri. Anajaribu tena, anarudishwa tena. Anadhani amesahau neno la siri, anaomba jipya, na ujumbe haufiki. Kumbe seva inaweza kusoma lakini haiwezi kuandika. Tovuti nyingi zilizoundwa kwa lugha ya PHP huhifadhi alama ya mtu aliyekwisha kuingia katika kifaili kidogo kwenye diski. Kifaili hicho kisipoandikika, seva humsahau mtu papo hapo. Karani wa kaunta naye anamwambia aliyeko mbele yake kwamba mfumo uko chini, aje kesho.

Ndani ya hifadhidata mambo ni mazito zaidi. PostgreSQL, inayotumika sana duniani, huandika kila badiliko kwanza katika kumbukumbu maalumu kabla ya kuligusa jedwali lenyewe. Sehemu inayotunza kumbukumbu hizo ikijaa, programu inaweza kujizima yenyewe ili isiharibu data. MySQL ina tabia tofauti: husimama ikisubiri, kila dakika inaangalia kama nafasi imepatikana, na maombi yanazidi kupanga foleni nyuma yake. Njia zote mbili ni za busara kwa usalama wa data. Kwa mgonjwa anayesubiri faili lake lifunguliwe, zote mbili ni mlango uliofungwa.

Usiku huo fundi anapopigiwa simu, anaingia kwenye seva na kuandika amri ya df. Mstari mmoja unamwonyesha asilimia 100. Anatafuta faili lililovimba, analikuta: logi moja ya gigabaiti 40. Analifuta. Anaandika df tena, na asilimia ni 100 vile vile. Hili huwachanganya hata wenye uzoefu. Katika Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi, faili likifutwa huku programu bado imelishika, jina huondoka lakini nafasi hairudi mpaka programu ilifunge. Fundi asiyejua hilo anaendelea kufuta, safari hii vitu vinavyohitajika. Anayelijua huitafuta programu iliyolishika, akaiwasha upya, na gigabaiti 40 zikarudi kwa mara moja.

Lipo na fumbo jingine: diski ina nafasi tele lakini haipokei faili jipya. Mifumo mingi ya Linux hutenga tangu mwanzo idadi maalumu ya mafaili inayoweza kuyasajili. Vifaili vidogo vidogo vikizidi idadi hiyo, hakuna kinachoingia, hata kama nusu ya diski ni tupu.

Wingi wa mafaili ulikaribia kuiua safari ya anga za juu. Chombo cha Spirit cha shirika la NASA kilitua kwenye sayari ya Mirihi mwanzoni mwa Januari 2004. Januari 21 kikanyamaza. Wahandisi walioko California waligundua baadaye kwamba kompyuta yake ilikuwa ikijizima na kujiwasha yenyewe, zaidi ya mara 60, na usiku haikulala, ikila betri. Chanzo kilikuwa mafaili mengi mno katika hifadhi yake, yakiwemo yaliyorundikana katika safari ya miezi 7 kutoka Duniani. Kila ilipowaka, kompyuta ilijaribu kuiorodhesha hifadhi yote, ikaishiwa kumbukumbu ya kufanyia kazi, ikazima. Wahandisi wakakiamuru kiwake bila kuigusa hifadhi hiyo, wakafuta mafaili, kisha wakaiandaa hifadhi upya. Mwanzoni mwa Februari kikarudi kazini, na chombo kilichopangiwa siku 90 kikaendelea kutuma habari hadi mwaka 2010.

Spirit kiliokolewa kwa sababu waliokisimamia walikuwa wamekiwekea njia ya kuwaka bila ile hifadhi. Walifikiria mapema. Ni jambo hilo hilo linalokosekana katika seva nyingi za kwetu, na halihitaji bajeti ya NASA.

La kwanza la kupanga mapema ni jina la mtu. Kila seva iwe na mtu anayejulikana kwa jina na cheo, pamoja na msaidizi wake, ambao kujaa kwa diski ni jukumu lao. Kitengo cha TEHAMA kikiachiwa jukumu kwa jumla, kila mmoja hudhani mwenzake ameangalia. Tahadhari nayo iende kwenye simu za watu hao wawili, si kwenye barua pepe ya ofisi ambayo haifunguliwi wikendi.

La pili ni kupima kwa siku. Mifumo mingi ya ufuatiliaji hupiga kengele diski inapofika asilimia 80 au 90, lakini asilimia hiyo haisemi kitu peke yake. Asilimia 80 ya diski ya terabaiti 4 imeacha gigabaiti 800. Asilimia 80 ya diski ya gigabaiti 20 imeacha 4 tu. Kinachotakiwa kujulikana ni kwamba, kwa mwendo wa wiki hii, diski itajaa baada ya siku ngapi. Ikibaki siku 30, mtu apangiwe kazi. Zikibaki 3, mtu aamshwe.

La tatu ni kuweka mipaka pale data inapozaliwa. Zana ya logrotate, inayokuja na mifumo mingi ya Linux bila malipo, hufunga logi ya leo, huibana isichukue nafasi kubwa, na hufuta ya zamani kwa ratiba uliyoipanga. Logi kuu ya mifumo mipya ya Linux hujiwekea kikomo yenyewe, asilimia 10 ya diski na isiyozidi gigabaiti 4. Lakini si programu zote zenye adabu hiyo. Docker, zana ya kuendeshea programu katika vifurushi viitwavyo kontena, inayotumiwa na vijana wengi wanaounda huduma mpya, huacha logi za kontena zikue bila kikomo mpaka mtu aandike mpaka. Mstari mmoja wa mipangilio unatosha, na kutouandika kumewakosesha usingizi mafundi wengi.

Logi zitengwe na hifadhidata. Kila moja ikiwa na sehemu yake ya diski, logi zikijaa zinajaa peke yao, na miamala inaendelea kuandikwa. Nakala rudufu za usiku nazo zisikae kwenye diski ile ile zinayoinakili. Hilo ni kosa la kawaida mno: kila usiku mfumo unajitengenezea pacha ndani ya chumba kile kile, na siku chumba kikijaa, au diski ikifa, wote wawili wanaondoka pamoja.

Akiba iachwe. Mfumo wa mafaili wa ext4, unaotumika katika Linux, hutenga asilimia 5 ya diski kwa ajili ya msimamizi mkuu, ili hata watumiaji wengine wakijaza yote, yeye aweze kuingia na kusafisha. Wapo wasimamizi wanaoongeza faili la gigabaiti kadhaa lisilo na kazi yoyote, la kufutwa siku ya dharura ili wapate pa kupumulia. Elasticsearch, programu ya kutafutia data, imejengwa kwa hatua: diski ikifika asilimia 85 huacha kuipa mzigo mpya, ikifika 90 huanza kuhamishia data kwingine, na ikifika 95 hufunga uandishi. Mpangilio huo wa ngazi tatu unaweza kuigwa na ofisi yoyote katika kanuni zake za kazi.

Usafi wenyewe ufanyike mapema, na uwe umejaribiwa. Kufuta data ndani ya hifadhidata huhitaji nafasi, kwa kuwa programu huandika kumbukumbu ya ufutaji, na katika kupanga upya jedwali mara nyingi hutengeneza jipya kamili kabla ya kulitupa la zamani. Anayesubiri diski ijae ndipo aanze kufuta anaweza kukuta ufutaji wenyewe ndio unaomalizia nafasi. Kufuta ovyo nako kuna gharama. Desemba 2021, kompyuta kubwa ya Chuo Kikuu cha Kyoto ilipoteza data ya utafiti terabaiti 77, mafaili yapatayo milioni 34. Hati ya amri iliyokusudiwa kufuta logi za zamani ilibadilishwa ikiwa bado inafanya kazi, ikaanza kufuta mafaili ya watafiti. Vikundi 14 viliathirika, na vinne kati yao havikuweza kurudishiwa data yao. Kampuni iliyousimamia mfumo huo ilikiri hadharani kwamba kosa ni lake.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwamba dawa ni kuhamia kwenye huduma za wingu na kununua nafasi zaidi. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Nafasi siku hizi ni rahisi kuliko zamani, na huduma nyingine huongeza diski zenyewe. Lakini seva ya kukodi ya kawaida huja na diski ya ukubwa maalumu, na hujaa kama nyingine yoyote. Ile inayojiongeza humhamishia mlipaji tatizo: logi isiyo na kikomo inageuka ankara isiyo na kikomo, nayo hulipwa kwa dola. Diski kubwa zaidi bila mtu wa kuitazama inasogeza mbele tarehe ya kukatika, basi.

Sheria nazo zinataka data iwekewe mipaka. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Zote mbili zinamtaka anayekusanya taarifa za watu asizihifadhi zaidi ya muda unaohitajika kwa kazi iliyokusudiwa. Seva iliyojaa nakala za vitambulisho zilizopakiwa miaka mitano iliyopita, ambazo hakuna anayezitumia, inahatarisha faragha ya watu na uhai wa huduma kwa wakati mmoja. Taasisi inayotekeleza sheria hizo kwa dhati, kwa kuandika kila aina ya taarifa itakaa muda gani na kuifuta muda ukifika, inakuwa imemaliza nusu ya kazi ya kulinda diski zake.

Nusu iliyobaki ni uwazi. Toyota ingeweza kusema hitilafu ya kiufundi na kunyamaza. Badala yake, ndani ya siku nane tangu viwanda visimame, ilieleza tarehe, chanzo, kwa nini akiba haikusaidia, na nini kimefanyika. Wateja wa huduma za umma kwetu wanastahili maelezo ya aina hiyo. Tangazo la kwamba huduma haipatikani kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu lisikubalike pale sababu ilipokuwa ndani ya kabati la seva la taasisi yenyewe. Wasimamizi wa sekta ya mawasiliano na wenye mamlaka juu ya serikali mtandao wana uwezo wa kuagiza kwamba kila huduma ya umma ikikatika kwa saa kadhaa, chanzo kiandikwe na kutangazwa.

Mwaka wa fedha wa serikali za Tanzania, Kenya na Uganda huanza Julai 1, na kabla ya hapo mikataba mingi ya matengenezo ya mifumo hufanywa upya. Huo ndio wakati wa kuingiza masharti haya: mzabuni atoe kila mwezi orodha ya seva zote ikionyesha kila diski ina siku ngapi kabla ya kujaa; logi na nakala rudufu ziwe na kikomo kilichoandikwa; seva ya akiba ijaribiwe kwa kuijaza kwa makusudi, ijulikane kama kweli inaweza kupokea kazi; na jina la anayewajibika liwe kwenye ukurasa wa kwanza. Mkurugenzi asiyejua herufi moja ya programu anaweza kuisoma orodha hiyo kwa dakika tano na kuona ni seva ipi imebakiwa na siku 12. Akishaiona, simu ya kupiga anaijua.